Msimamaji wa Waziri

Nchi ninayotaka kuwasimulia haimo kwenye ramani yoyote, kwa hiyo msijisumbue kuitafuta. Ikitokea msomaji akajiona humu ndani, au akamwona mkubwa wake wa kazi, hicho ni kiherehere chake mwenyewe. Mimi sikumlenga mtu. Nimemtaja Waziri mmoja tu, naye kwa sasa hana nafasi ya kunishitaki, kama mtakavyoona.

Jina langu ni Mwatima Makame. Nilikuwa mwalimu wa michezo miaka ishirini na mbili, kisha nikawa mtumishi wa serikali mwenye cheo cha Msimamaji wa Waziri. Msicheke. Cheo hicho kilitangazwa kwenye gazeti la serikali, kikashonewa sare, na kila mwaka kikawa kinapewa jozi mbili za viatu vyeusi.

Kilianza hivi. Waziri wetu, Mheshimiwa Dokta Lwidiko Msagati, alikwenda ng'ambo siku nne akarudi na neno moja: Wepesi. Huko alikokwenda, alituambia, watu wanaotengeneza programu za kompyuta hawaandiki tena mipango ya miaka mitano. Wanafanya kazi vipande vipande, wiki mbili wiki mbili, na kila wiki mbili wanaziita mbio. Kila kipande kinaandikwa kwenye kadi, kadi inabandikwa ubaoni. Asubuhi wote wanakutana kwa robo saa, wamesimama, kila mmoja anajibu maswali matatu: jana nilifanya nini, leo nitafanya nini, na nini kinanizuia. Basi, wanarudi kazini. Mheshimiwa aliyasikia haya yote kwenye semina, na kwa kuwa chakula cha mchana kilikuwa kizuri, aliyaamini.

Mwezi haukuisha tukawa na Wizara ya Wepesi. Ilikuwa na jengo la ghorofa kumi na mbili, makatibu wakuu saba, na fomu ya kurasa thelathini na moja ya kuomba kibali cha kuwa mwepesi.

Kazi ya kwanza ya Wizara ilikuwa Mfumo wa Taifa wa Foleni. Kila raia apewe namba yake kwenye simu, akitaka zahanati, akitaka maji ya bomba, akitaka cheti cha kuzaliwa. Ulale nyumbani kwako, namba yako ikifika uitwe. Ni fikra nzuri, sikatai. Na aliyekuwa akiongoza timu ya hapa nyumbani ya kuutengeneza alikuwa mdogo wangu wa damu, Salha, msichana niliyemlea mimi baada ya mama kufariki, ambaye kompyuta kwake ni kama sufuria kwa mpishi. Timu nyingine tatu zilikuwa katika nchi za mbali: moja mashariki, moja kaskazini kwenye barafu, moja magharibi. Mpango ni kwamba jua likizama kwa hawa, kazi inapokelewa na wale, inazunguka dunia nzima bila kulala. Mheshimiwa alilipenda mno jambo hilo la kazi kutolala, maana lilimpa yeye nafasi ya kulala.

*

Mkataba uliwataka wageni wote wazungumze lugha yetu. Vitabu vya kujifunzia walipelekewa na Wizara yenyewe, navyo vilikuwa hotuba za Mheshimiwa, juzuu sita. Matokeo yake ukimuuliza Bwana Olavi wa timu ya kaskazini hajambo, anakujibu kwenye skrini: "Napenda kuchukua fursa hii adhimu kuufahamisha umma kwamba mwanangu ana mafua." Bwana wa watu alikuwa na adabu sana. Nilimpenda.

Kisha kulikuwa na suala la kukadiria. Huko ng'ambo kila kadi inapewa pointi kuonyesha ukubwa wa kazi. Mheshimiwa alisema pointi hazina utaifa. Akaamuru tukadirie kwa mifugo na wanyama wetu: kazi ndogo kuku, ya kati mbuzi, kubwa ng'ombe, na kazi isiyowezekana kwa mbio moja ni tembo. Sheria ikaandikwa kwamba akitokea mmoja tu kuona tembo, kadi ni tembo, na tembo haruhusiwi kufanywa mzima mzima. Lazima akatwe vipande, kila kipande kipelekwe kwa mtumiaji, na mtumiaji atoe maoni kabla ya kipande kinachofuata. Timu ya mashariki walitumia siku tatu kuuliza kuku wetu wana uzito gani.

Tabu ilikuja kwenye kusimama. Siku ya kikao cha kwanza Mheshimiwa aliingia, akatuona tumesimama wote, akaridhika, akaketi. Salha akamweleza kwa upole kwamba hata yeye inampasa asimame.

"Binti," alisema Mheshimiwa, "anayesimama ni yule anayemsubiri mtu. Mimi namsubiri nani?"

Akabaki ameketi. Tena ana magoti mabovu, ya kukalia viti laini tangu ujana. Kesho yake nikatolewa shule ya msingi, nikaambiwa miguu yangu imepata kazi ya taifa. Kanuni ya cheo changu naikumbuka neno kwa neno, kwa sababu niliisoma mara nyingi baadaye: "Atakalolisema Msimamaji akiwa amesimama ni neno la Waziri, na Waziri hatalikana." Aliiweka hiyo ili mtu asimfuate ofisini kumuuliza swali ambalo tayari amejibiwa mkutanoni. Kila asubuhi dereva wake aliniletea bahasha. Nafungua, nasimama, nasoma. Nikikohoa, katibu anaandika kwamba Waziri amekohoa.

*

Mfumo wa Foleni ulizinduliwa kwa ngoma na mapambio. Wiki ya kwanza hakuna foleni iliyosogea. Wiki ya pili vilevile. Watu walikaa na namba zao kwenye simu, mbili, tatu, arubaini, mia tisa, wakisubiri kuitwa. Kwenye zahanati ya mtaani kwetu kulikuwa na dada mmoja mwenye namba mbili aliyekwenda kupimwa ujauzito. Alikuja kuhudumiwa mtoto ameshazaliwa na jina ameshapewa.

Salha hakulala kwa kutafuta kosa. Mwishowe akalipata, na asubuhi hiyo kikaoni akajibu maswali yake matatu mbele ya timu zote nne.

"Jana nilitafuta kwa nini foleni hazisogei. Leo nataka kuzisogeza. Kinachonizuia ni namba moja. Mheshimiwa aliagiza kila foleni nchini namba moja iwe yake, ya heshima, siku zote. Sasa mfumo unamwita yeye kwanza. Na kwa kuwa haendi zahanati wala bombani, unaendelea kumwita. Mpaka leo anaitwa kwenye foleni elfu nne mia sita, ikiwemo ya wodi ya wazazi."

Bwana Olavi alishindwa kujizuia akacheka kwenye skrini. Wenzetu wa nyumbani waliangalia viatu vyao. Mimi nilikuwa nimeshasoma bahasha yangu ya siku hiyo, iliyosema Waziri amefurahishwa na kasi ya foleni.

Jioni Mheshimiwa alihutubia taifa. "Ndugu wananchi, nchi hii haina vizuizi. Nchi hii ina watu wanaovitaja. Wepesi unatufundisha kuondoa vizuizi haraka, na sisi si watu wa kuchelewa."

Kesho yake bahasha ilikuwa nene kuliko kawaida. Nikasimama mahali pangu, nikaifungua mbele ya watu kama kawaida, nikaanza kusoma, na kwenye mstari wa pili nikalikuta jina la mdogo wangu. Nilisoma hivi, kwa sauti yangu hii mnayoisikia: "Kama Waziri, nataka Salha Makame aondolewe, kwa kuwa anayetaja kizuizi ndiye kizuizi." Hiyo ndiyo namna ya kuandika kadi za Wepesi: kama nani, nataka nini, kwa nini. Nikainua macho, Salha ananiangalia.

"Maliza kusoma, dada," aliniambia taratibu. "Usije ukaingia matatani na wewe."

Nikamaliza kusoma. Nataka mlijue hilo, maana baadaye watu walinisifu sana, nami sistahili. Nilimsomea mdogo wangu hukumu yake mpaka nukta ya mwisho. Wakamchukua kwa mlango wa nyuma, hata mkoba wake ukabaki kwenye meza.

*

Walimpeleka Kituo cha Kuondolea Vizuizi, ghala la zamani la ngozi huko kwenye bwawa la chumvi. Nikaenda kumwona Mheshimiwa siku hiyohiyo. Nilimkuta kwenye kiti chake, kiti kikubwa chekundu kinachozunguka na kulala, feni tatu zinampepea.

"Shikamoo Mheshimiwa."

"Marahaba, Bi Msimamaji. Miguu haijambo?"

"Haijambo. Mheshimiwa, nimekuja kuhusu mdogo wangu. Nakuomba, kwa heshima zote, umrudishe. Ni mtoto, ametamka vibaya. Nitamsemesha mwenyewe."

Akanisikiliza vizuri, akitikisa kichwa. Nikapata tumaini, mjinga mimi. Kisha akanyoosha kidole kwenye ubao wake ukutani. "Unaiona kadi yake? Imeshabandikwa. Mbio zikishaanza hakuna kuongeza wala kupunguza. Hata mimi siwezi. Huo ndio uzuri wa Wepesi, mama, hauna upendeleo."

"Na mbio hizi zikiisha?"

"Zikiisha kadi itakuwa upande wa Tayari. Kazi iliyokwisha tutaifungua tena kwa nini?" Akafungua droo, akanipa cheti. Cheti cha utumishi uliotukuka, cha kusoma bila kutetereka. Nikasema ahsante, nikarudi nyuma nyuma hadi mlangoni kama itifaki inavyotaka. Cheti hicho ninacho mpaka leo. Nakitumia kufunikia ndoo ya maji.

Jumapili niliruhusiwa kwenda kumtazama Salha kwa nje ya uzio. Pale Kituoni hakuna kazi wala vyombo. Kuna kikao cha kusimama tu, kinaanza asubuhi na kuisha jioni. Watu mia mbili wamejipanga kwa mistari kwenye ghala lenye harufu ya ngozi mbichi, wanaulizwa mmoja mmoja, na akiisha wa mwisho wanaanza upya. Nilimsikia Salha zamu yake ilipofika: "Jana nilisimama. Leo nitasimama. Sina kizuizi." Alikuwa amekonda shingo. Aliponiona hakupunga mkono, aligeuza tu kidole kidogo, ishara tuliyokuwa nayo wakati wa utoto ya kusema usilie mbele ya watu.

Mimi sikulia. Kwenye basi la kurudi nilikaa nikatia nia. Ndugu zangu, mimi si mtu wa visasi. Watoto wa shule niliowafundisha watawaambia Mwalimu Mwatima alikuwa mpole. Lakini siku ile nilimchukia mtu mpaka meno yakaniuma, na kila asubuhi nilipokwenda kusimama kwa niaba yake chuki iliongezeka kidogo, nikawa naitunza. Nikasoma kanuni zote za Wizara, juzuu kwa juzuu. Wenzangu walidhani natafuta kupandishwa cheo.

*

Miezi mitano nilisubiri. Halafu Mheshimiwa akaalikwa ng'ambo kutunukiwa nishani ya Wepesi, baada ya kujaza mwenyewe fomu ya kujipendekeza. Safari ya siku nne. Aliacha bahasha tatu.

Mnaona kosa lake? Yeye huwa hahesabu siku ya kurudi, kwa sababu siku ya kurudi huwa amelala ndani ya ndege. Lakini siku ya nne ilikuwa siku ya kuanza mbio mpya. Na Msimamaji haruhusiwi kunyamaza, kanuni ya kumi na tisa, kwa kuwa kimya chake kitahesabika kuwa Waziri hana la kusema, na Waziri haijapata kutokea akakosa la kusema.

Saa tatu asubuhi nikasimama mahali pangu bila bahasha. Timu zote nne zilikuwa zimejipanga, wale wa magharibi, ambako ni usiku, wamefunga mapazia na kusema habari za asubuhi, maana saa ya taifa ni asubuhi kila mahali duniani. Mheshimiwa wakati huo yuko juu ya mawingu, simu imezimwa, amefunikwa blanketi. Nikatoa kadi niliyoiandika mwenyewe, nikasoma.

"Kama Waziri wa Wepesi, nataka kubadilishana nafasi na Salha Makame, mimi nishike yake Kituoni na yeye ashike yangu ofisini, ili nimjue mtumiaji wangu."

Katibu mkuu wa tatu alitazama karatasi yake. Yeye ndiye aliyekuwa akiandika muhtasari, na kalamu yake ilikuwa imeshaandika kwamba Waziri amesema.

Bwana Olavi akaegemea kamera. "Kwa unyenyekevu mkubwa, naomba ufafanuzi. Je, Mheshimiwa ana hakika?"

"Mheshimiwa hajawahi kuwa na hakika kama leo," nikasema.

Nadhani Bwana Olavi alielewa, kwa sababu alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Basi, kwa moyo mkunjufu na uzalendo uliotukuka," akasema, "timu ya kaskazini inakadiria kuku mmoja."

Mashariki kuku. Magharibi kuku. Timu ya nyumbani, wale waliokuwa wakiangalia viatu, safari hii waliangalia juu. Kuku.

Kadi ikabandikwa, mbio zikaanza, na kazi ikaondoka kwetu kulifuata jua. Magharibi walibadilisha orodha ya watumishi, jina kwa jina. Mashariki walibadilisha vibali vya mageti. Kaskazini waliandaa magari ya msafara na barua za mapokezi. Miezi mitano mfumo mzima ulikuwa haujaweza kumwita mtu kwenye foleni ya maji. Hii ilikwisha kabla ndege haijatua.

*

Mheshimiwa alishuka na nishani shingoni. Akapokewa kwa maua, king'ora, pikipiki nne mbele na nne nyuma. Akapunga mkono, akaingia garini. Aliyeniambia ni dereva wake, kwamba Mheshimiwa alianza kuwa na wasiwasi waliponyoosha barabara ya bwawa la chumvi.

"Wewe, njia gani hii?"

"Ya Kituoni, Mheshimiwa. Kama ulivyoagiza."

"Mimi? Niliagiza lini?"

"Leo saa tatu, Mheshimiwa. Ulikuwa umesimama."

Akanipigia simu. Nilikuwa nakunywa chai, nikaiacha iite mara nne ndipo nikaipokea.

"Mwatima! Futa hiyo kadi! Ifute sasa hivi!"

"Shikamoo Mheshimiwa. Pole na safari."

"Nimesema ifute!"

"Ningependa, wallahi. Lakini mbio zimeshaanza, hakuna kuongeza wala kupunguza. Hata wewe huwezi. Huo ndio uzuri wake, hauna upendeleo." Nikasikia anahema. Nikaongeza, kwa sababu moyo wangu ulikuwa bado una njaa: "Miguu haijambo?"

Akakata. Nikamalizia chai yangu, na sijawahi kunywa chai tamu kama ile.

Mnadhani hakuwa na wakubwa wa kumtoa? Alikuwa nao. Lakini gazeti la serikali lilikuwa limeshatoka na picha yake ukurasa wa mbele: Waziri wa kwanza duniani kuacha kiti chake akaishi na wananchi. Mkuu wa nchi mwenyewe alimpigia kumpongeza, akamwambia kitendo hicho kimemliza machozi na asithubutu kukikatisha njiani. Mawaziri wengine walimpigia pia, wakiwa na hofu wasije nao wakaambiwa waige. Kila aliyempigia alimsifu. Mheshimiwa akawa anajibu ahsante, ahsante, akiwa mstari wa tano, kati ya mwalimu wa hesabu na fundi bomba. Jana nilisimama. Leo nitasimama. Jibu la tatu, wanasema, lilikuwa linamshinda kutamka.

*

Salha akarudi. Hiyo ndiyo siku niliyoingojea miezi mitano yote, na nilipika wali wa nazi, kuku wa kupaka, mchicha, kila anachokipenda. Akaingia, akanikumbatia, akanuka sabuni ya Kituoni. Nikamvutia kiti.

"Hapana, dada. Nitakula hivihivi."

Akala amesimama, sahani mkononi, mgongo umenyooka. Nikadhani ni uchovu wa safari. Asubuhi nikamkuta amelala amesimama, ameegemea kabati la vyombo. Akajaribu kukaa kwa kunifurahisha. Akapinda magoti, akafika katikati, akaanza kutetemeka mwili mzima, akasimama tena.

"Ukikaa pale walikuwa wanaanza upya kuhesabu," aliniambia. "Watu mia mbili wote wanaanza upya kwa sababu yako. Miguu imeshajua. Haitaki."

Ofisini ilikuwa hivyo hivyo. Aliingia ofisi ya Waziri, kitu cha kwanza akafuta namba moja kwenye foleni zote, na siku hiyo nchi nzima ilisikika simu zikiita. Kazi alifanya, nzuri, ya haraka. Ila alifanya akiwa amesimama mezani, na kile kiti chekundu alikisukuma ukutani akakitupia shuka. Nikimtazama tu, ile chai yangu tamu inageuka kooni. Nilikuwa nimemrudisha nusu.

Wiki ya tatu ikaja kadi kutoka Kituoni, imeandikwa kwa mkono, namna sahihi kabisa: "Kama mtu mzima mwenye magoti mabovu, nataka kiti, ili nikae."

Salha aliisoma, akanipa. "Mpelekeeni kiti, dada. Yaishe."

"Wewe huwezi kukaa, yeye akae?"

"Dada."

"Kadi ipite kikaoni kama kadi nyingine," nikasema. Yeye ni Waziri sasa, lakini mimi ndiye niliyembeba mgongoni. Akaniachia kadi.

Kikaoni mashariki wakainua kadi ya kuku. Magharibi kuku. Bwana Olavi akainua kuku, akasema anafanya hivyo kwa masikitiko. Mimi nikainua tembo. Na sheria, kama nilivyowaeleza, ni ya Mheshimiwa mwenyewe: akitokea mmoja kuona tembo, tembo ni tembo, anakatwa vipande, kila mbio kipande kimoja, kinapelekwa kwa mtumiaji na mtumiaji anatoa maoni. Nikakikata mwenyewe kile kiti ubaoni. Miguu minne. Kikalio. Egemeo. Mikono miwili. Misumari. Rangi. Na cha kumi na moja, kibali cha kukikalia. Vipande kumi na kimoja kwa wiki mbili mbili ni wiki ishirini na mbili, miezi mitano. Sikuzidisha hata siku moja, mimi ni mtu wa haki.

Tukampelekea mguu wa kwanza. Mguu mzuri, wa mninga, umepigwa msasa, umefungwa utepe wenye rangi za bendera. Tukaambatanisha fomu ya maoni: Je, umeridhika na mguu? Ndiyo, au Ndiyo sana. Je, ungempendekezea rafiki mguu huu? Je, mguu umebadilishaje maisha yako?

Fomu ilirudi siku ya Alhamisi. Tulikuwa ofisini sisi wawili tu, Salha amesimama dirishani, mimi mlangoni kwa mazoea. Nikamkabidhi. Akaanza kusoma kwa sauti ya kazi.

"'Kwa heshima na taadhima, nakiri kupokea mguu. Mguu ni mzuri na umenyooka. Nimejaribu kuukalia. Naomba ieleweke kwamba nimeukalia kwa nia njema...'"

Akasita. Mdomo ukamtetemeka, nikadhani analia, nikamsogelea. Kumbe siyo. Kilimtoka kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu wamchukue, kicheko kibaya cha puani alichonacho tangu mtoto. Akajishikiza kwenye meza. "'Kwa nia njema,'" akarudia, "dada, ameukalia!" Akainama, fomu ikamponyoka, akashika tumbo, magoti yakalegea, akateleza taratibu na ubavu wa meza mpaka chini, puu, sakafuni. Akawa amekaa. Amekaa kabisa, miguu ameinyoosha mbele kama mtoto anayesubiri uji, anacheka na machozi yanamtoka, wala hajajua.

Nikasogea polepole nisije nikamshitua. Nikavua viatu vyangu vyeusi vya serikali, nikakaa kando yake kwenye zulia la Waziri, bega kwa bega. Ilichukua muda kabla hajatazama miguu yake. Akaligusa goti moja, kisha la pili.

"Na mguu wa pili?" akaniuliza, akijifuta macho kwa kiganja.

"Umeshakamilika. Unaondoka Jumatatu. Nimemwambia fundi aupunguze kidogo, usilingane na wa kwanza."

Salha akaegemeza kichwa begani kwangu, akafikiri.

"Kidogo kiasi gani, dada?"

Nikamwonyesha kwa vidole. Akavitazama, akavishika kwa mkono wake, akavipanua zaidi.